Mafuta ya mimea na madai ya kutibu sonona

Malalamiko yanayotufikia kuhusu mafuta ya kunukia ya mimea yanayouzwa mitandaoni yameongezeka, na yanafanana: kichupa kidogo, maneno "huondoa msongo na sonona", na maelekezo ya kutia matone kwenye chai. Wauzaji wengi wana nia njema. Maelekezo hayo, hata hivyo, ni ya hatari.

Harufu kutuliza moyo si uzushi. Langilangi, rehani na lavenda zote zina linaloli, kemikali yenye harufu nzuri. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linaloli na wasiwasi wao ukapungua. Panya waliopotezewa uwezo wa kunusa hawakutulia. Kazi ilifanywa na pua. Tunajua mtu atataja vidonge vya kumeza vya mafuta ya lavenda vya Ujerumani. Vile ni dawa, vina miligramu 80 zilizopimwa. Si matone ya kukisia.

Mafuta ya karafuu yana yujenoli nyingi mno, kemikali ambayo ikizidi ni sumu. Mtoto aliyekunywa mililita 5 hadi 10 amewahi kupoteza fahamu na kuharibika ini. Ya mkaratusi humletea mtoto degedege. Na tafadhali, hoja ya "bibi zetu walikunywa chai ya karafuu" tuiweke kando: bibi alichemsha punje tatu, hakunywa mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye lundo la karafuu.

Sasa utaratibu. Bidhaa ikidai kunukiza au kulainisha ngozi, ni kipodozi, na iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ikiwa ni dawa ya asili inayodai kutibu, inasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, baada ya sampuli kupimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo hicho huangalia usalama. Hakithibitishi kwamba inatibu sonona, hata lebo iandikwe kwa herufi kubwa kiasi gani. Tangazo nalo lina kibali chake. Anayekiuka, bidhaa zake huzuiliwa na anaweza kufikishwa mahakamani.

Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa sababu ya mafuta. Amwone daktari wake kwanza. Anayetaka kulalamika aje kwetu na kichupa chenyewe, lebo yake na risiti. Picha ya simu peke yake haitusaidii kupima kilichomo ndani.