Jiwe la Studland: Kufuatilia Familia ya Askari Aliyegeuka Mwenye Baa

Katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas kijijini Studland, pwani ya Dorset kusini mwa Uingereza, kuna jiwe la kaburi lililoandikwa pande zote mbili. Upande mmoja, kwa Kiingereza, unataja mapigano ya Sajini William Lawrence wa Kikosi cha 40 cha askari wa miguu, aliyefariki tarehe 11 Novemba 1869. Upande wa pili ni wa mkewe, Clotilde, nao umeandikwa kwa Kifaransa. Sisi wahifadhi wa nyaraka tunaulizwa mara kwa mara namna ya kuijua familia ya askari wa zamani ambaye baadaye alirudi uraiani akaendesha biashara ndogo, na jiwe hili ni mahali pazuri pa kuanzia.

Lawrence alizaliwa Briantspuddle, Dorset, karibu mwaka 1790. Baba yake aliwahi kuwa na shamba dogo, akalipoteza na kubaki kibarua. Kijana akapelekwa Studland kuwa mwanagenzi wa mjenzi mmoja, lakini kipigo kikamzidi, akatoroka na kuingia jeshini. Alipigana Amerika ya Kusini, kisha Ureno na Hispania. Mwaka 1812, katika shambulio la Badajoz, mji wa ngome huko Hispania, alijitolea kuwamo katika kundi la kwanza kuukabili ukuta uliobomolewa, akajeruhiwa vibaya. Tarehe 18 Juni 1815 alikuwa Waterloo, pigano lililomshinda Napoleon wa Ufaransa. Majeshi ya washirika yalipoikalia Paris, alimpata Clotilde Clairet, binti wa mtu aliyeuza bidhaa karibu na lango la kambi, wakaoana Saint-Germain-en-Laye. Baada ya kuachishwa jeshi alirejea Studland, kijiji kile kile alichokikimbia, na hatimaye akafungua baa.

Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe huonekana kama neno la mwisho, kumbe nayo ni ushahidi wa kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Jiwe la Lawrence linasema alipigana Amerika ya Kusini mwaka 1805, ilhali Waingereza waliingia Buenos Aires mwaka 1806 na kuiteka Montevideo Februari 1807. Linasema pia kwamba vita vya Hispania vilikuwa vya 1808 hadi 1813, kisha mistari michache chini yake linataja Orthez na Toulouse, mapigano yaliyotokea mwaka 1814. Aliyeandaa maneno hayo hakukusudia kudanganya. Aliandika yaliyokumbukwa zaidi ya nusu karne baadaye.

Jiwe linataja vilevile nishani ya fedha yenye vipande kumi kwenye utepe wake, kila kipande na jina la pigano. Nishani hiyo iliidhinishwa mwaka 1847, na ilitolewa kwa waliokuwa bado hai na ambao waliiomba wenyewe. Kwa hiyo mzee aliyekufa mwaka 1840 hayumo katika orodha yake hata kama alipigana miaka yote, na kutokuwamo kwake hakuthibitishi kwamba hakuwa askari. Familia yenye nishani ya aina hii iiangalie ukingoni, si usoni: jina la askari na kikosi chake yamegongwa pale pembeni, kwa herufi ndogo.

Hati yenye manufaa kuliko zote ni ile ya kuachishwa jeshi. Askari aliyestahili pensheni aliilipwa kupitia Hospitali ya Kifalme ya Chelsea, na karatasi zake zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew. Humo huandikwa parokia ya kuzaliwa, umri, kimo, rangi ya nywele na macho, majeraha, na kazi aliyoifanya kabla ya kujiandikisha. Kazi hiyo ya awali isipuuzwe, kwa kuwa wengi waliirudia. Pensheni peke yake haikutosha: Lawrence alipata peni 9 kwa siku. Sheria ya mwaka 1816 iliwaruhusu askari walioachishwa kufanya ufundi na biashara hata katika miji ambayo vyama vya mafundi vilikuwa vikiwazuia wageni. Mwenye baa, hata hivyo, alihitaji leseni, na madaftari ya leseni, pale yaliposalia, humwonyesha mtu huyo mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo jeshi lilikwisha kuacha kulifanya.

Kumpata mke ni kazi ngumu zaidi. Askari alihitaji idhini ya mkuu wa kikosi ili kuoa, na ni wake wachache tu, takriban sita kwa kila askari mia, waliotambuliwa na kupewa posho; wengine hawakuandikwa popote katika vitabu vya jeshi. Kwa ndoa iliyofungwa Ufaransa, mtafiti aanze na madaftari ya manispaa, ambayo yamekuwa yakiandika vizazi, ndoa na vifo tangu 1792. Kisha aje kwenye sensa. Fomu ya mwaka 1841 haikuuliza mji wala nchi ya kuzaliwa: mtu aliyetoka ng'ambo aliwekewa herufi F tu, na umri wa mtu mzima ulishushwa hadi tarakimu ya karibu inayogawanyika kwa tano. Fomu ya 1851 ilikuwa bora, kwani iliuliza mahali pa kuzaliwa na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya.

Clotilde alifariki tarehe 26 Septemba 1853, na baada ya hapo Lawrence aliiacha baa. Upande wa Kifaransa wa jiwe unataja mji aliozaliwa Clotilde na siku aliyokufa, kisha unamwomba msomaji aiombee roho yake. Maombi hayo ni ya desturi ya Kikatoliki, nayo yamechongwa katika uwanja wa kanisa la Kianglikana. Mtafiti anayetafuta ubatizo wake anajua sasa aelekee madaftari ya kanisa gani.