Kabla hujaweka nyumba rehani ili ujenge gesti: uelewe mzunguko wa uwekezaji

Tangu mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, usainiwe Desemba 2022, maombi yanayofika idara yetu ya mikopo yamebadilika sura. Wateja wa Mwanga na Gungu, hapa mjini Kigoma, waliozoea kuomba fedha za mzigo sasa wanaomba za kujenga gesti na fremu, au kununua tipa. Ni jambo jema. Lakini yameongezeka pia malalamiko ya waliokwisha kujenga na sasa marejesho yanawashinda. Wengi wao huanza na neno lile lile: vyuma vimekaza, fedha zimefichwa. Hakuna aliyezificha, na tunaomba maelezo hayo yaachwe, kwa sababu yanamzuia mtu kuiona sababu yenyewe, yaani mzunguko wa uwekezaji.

Mwaka 1862 daktari wa Kifaransa, Clément Juglar, alichapisha kitabu kuhusu misukosuko ya biashara katika Ufaransa, Uingereza na Marekani. Alifuatilia hesabu za mabenki, akaona mikopo inapanda miaka kadhaa, inafika kileleni, inaporomoka, kisha biashara inatulia na kuanza upya. Baadaye mchumi Joseph Schumpeter aliupa mzunguko huo jina la Juglar. Kwa kawaida hutajwa kuwa wa miaka 7 hadi 11, na kinachouendesha ni uwekezaji katika vitu vya kudumu: majengo, mitambo, vyombo vya usafiri.

Tatizo liko kwenye muda. Anayechimba msingi leo anaangalia bei ya chumba ya leo, ilhali vyumba vyake vitaingia sokoni baada ya mwaka au miwili, pamoja na vya jirani yake aliyeangalia bei hiyo hiyo. Wakati wa ujenzi mji unachangamka: saruji inatoka, mafundi wana kazi, mama lishe wanauza hadi jioni. Kila mtu anauchukulia uchangamfu huo kuwa ushahidi wa ukubwa wa soko, kumbe sehemu kubwa yake inatokana na ujenzi wenyewe. Majengo yakikamilika, ujira wa mafundi unakoma wakati ule ule vyumba vipya vinapoanza kugombea wageni. Na hapo ndipo muda wa neema wa mkopo, yaani kipindi cha mwanzo kabla marejesho hayajaanza, unapokwisha.

Uingereza iliyapitia haya kwa reli. Mwaka 1846 Bunge liliidhinisha reli mpya kwa mamia. Mwaka 1847 ukaja mgogoro wa fedha. Reli nyingi zilijengwa na zikaendelea kutumika. Walioumia ni wenye hisa waliotakiwa kumalizia malipo ya hisa zao wakati bei imeshaanguka. Kwa hiyo mradi unaweza kuwa mzuri kwa nchi na bado ukamfilisi aliyeingia kwa fedha za kukopa katika kilele.

Michikichi nayo ina mtego wake. Mashine ya kukamua mawese inanunuliwa ndani ya mwezi mmoja, lakini mche, hata ule bora, unahitaji takribani miaka mitatu kuanza kuzaa. Tangu kampeni ya zao hili ianze mwaka 2018, hesabu ya kwanza tunayomtaka mwombaji wa mashine atuonyeshe ni atapata wapi matunda ya kukamua.

Tunaulizwa mdororo utaanza mwaka gani. Mzunguko huu si mwezi wa kuandama. Wachumi wenyewe wanabishana kuhusu urefu wake, na kwetu mvua na mavuno huuvuruga zaidi. Tunaulizwa pia kwa nini mkopo usiwe wa asilimia 5.75. Kiwango hicho, kilichoshushwa kutoka 6 mwezi Julai 2025, ni Riba ya Benki Kuu, kinachoongoza mikopo baina ya mabenki. Si riba ya mteja, na kuja nacho dirishani kudai mkopo ni kupoteza muda wa pande zote mbili.

Sasa utaratibu. Chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Mwombaji anayetoa taarifa za uongo kwa makusudi kuhusu kuwepo kwa mwenza anatenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo au kifungo kisichopungua miezi 12. Mkopaji akishindwa kulipa hupewa notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajaweza kuuza. Mnada wa ardhi nao lazima utanguliwe na tangazo la siku 14. Siku hizo 60 si likizo. Wapo wanaoificha notisi kabatini, mwenza akaja kusikia habari kwa dalali.

Biashara ikianza kulegea, omba kupangiwa upya marejesho kabla hujakosa hata moja. Andika barua ukieleza kilichobadilika, ambatanisha taarifa za mauzo na mikataba ya wapangaji kama ipo, na mje wote wawili mliosaini. Ombi hukubaliwa au kukataliwa kulingana na hesabu, kwa hiyo hatuwezi kuahidi jibu. Aliyekuja mapema huwa bado ana mauzo ya kutuonyesha, na kwa mauzo hayo tunaweza kurefusha muda wa mkopo. Aliyekuja baada ya notisi kuisha mara nyingi hana cha kutuonyesha ila hati ya nyumba.