Bei ya lebo na bei ya risiti hazifanani? Usimrukie keshia kwanza

Lebo inasema 2,500, risiti inatoka 2,950, mteja anapandisha sauti na foleni nzima inageuka kuangalia. Hapo kila mtu anakuwa fundi.

"Keshia anapiga dili"

Ndo ya kwanza kusemwa siku zote. Ukweli ni kwamba keshia wengi hawana hata ruhusa ya kugusa bei, na akiwa nayo, sistimu nyingi za mauzo zinarekodi nani kabadilisha na saa ngapi, fungua hiyo rekodi kabla hujamwita ofisini. Halafu chukua kalkuleta ugawanye bei iliyotoka kwa bei sahihi. 2,950 kwa 2,500 ni 1.18, yani VAT asilimia 18 ya Tanzania Bara imeongezwa juu ya bei ambayo tayari ilikuwa na VAT ndani, mtu alipoingiza bidhaa hakutiki kwamba bei ni pamoja na kodi (Kenya ungepata 1.16). Ukipata 12 au 24, bidhaa imesajiliwa kwa katoni badala ya pisi, na ukipata 22 na kitu usishangae, bei ya katoni huwa imeshapunguzwa. Ikitoka chini kidogo ya 1, cheki kama mteja kawekwa bei ya jumla. Hesabu ya dakika moja tu, ila watu wanaanza na kuzima mashine na kuwasha, sijui kwa nini.

"Bei imo kwenye barkodi"

Haimo. Barkodi ni namba tu, bei inatoka kwenye sistimu yako. Isipokuwa zile lebo za mizani, za nyama, jibini na matunda, zinazoanza na 2: humo ndani kuna uzito au bei, inategemea mizani ilivyosetiwa. Mizani ikiandika 01250 ikimaanisha kilo moja na robo, na kaunta ikasoma ni shilingi, nyama ya 15,000 inaondoka kwa 1,250 na mteja huyo hatalalamika hata siku moja.

"Kuna virusi, bidhaa tofauti zinatoka bei moja"

Muulize kwanza aliyeingiza bidhaa kwa Excel. Ukifungua faili la CSV (orodha ya bidhaa ya maandishi matupu) humo, barkodi ya tarakimu 13 inaonekana kitu kama 6.20E+12, ukisevu hivyo hivyo tarakimu za mwisho zimekwenda, na bidhaa za Tanzania nyingi zinaanza na 620 kwa hiyo zinajikuta zina namba moja. Weka safu ya barkodi iwe teksti kabla ya kuingiza data, na faili la asili usilifute.

"Nimebadilisha bei ofisini, basi kaunta zote zimebadilika"

Kaunta ikiwa imekatika mtandao inaendelea kuuza kwa bei iliyonayo, ndo maana bidhaa ile ile kaunta ya 1 iko sawa na ya 3 imekosea. Piga bidhaa moja kwenye kila kaunta ulinganishe. Angalia na saa ya kompyuta, betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikifa tarehe inarudi nyuma miaka na ofa zinazofuata tarehe zinavurugika.

"Futa bidhaa uiingize upya"

Hapana jamani. Unapoteza njia ya kujua kosa lilianza lini na ni risiti ngapi za kurudishia watu hela.