Newark Eagles na Ukumbi wa Umaarufu: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli ulifunguliwa mwaka 1939 huko Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York. Kila anayeingizwa hutundikiwa bamba la shaba lenye sura yake. Watu wanane waliotukuzwa humo walipitia Newark Eagles, klabu ya Weusi iliyocheza New Jersey kuanzia 1936 hadi 1948: Monte Irvin, Ray Dandridge, Leon Day, Willie Wells, Larry Doby, Mule Suttles, Biz Mackey na Bi. Effa Manley aliyeiendesha klabu. Kwa klabu iliyodumu misimu 13 tu, ni mavuno makubwa. Hata hivyo, mengi yanayosemwa juu yao si ya kweli.

Dhana: Waliingia kama wachezaji wengine wote, kwa kura za waandishi.

Hakuna hata mmoja. Kwa kawaida waandishi wa habari za besiboli hupiga kura, na mchezaji anahitaji asilimia 75. Lakini kura hizo ni za waliocheza Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani kwa misimu isiyopungua 10, na Ligi Kuu iliwafungia Weusi mlango mpaka 1947. Dandridge, Wells, Day, Suttles na Mackey hawakucheza humo hata mechi moja. Wote wanane walipitishwa na kamati maalumu, wa kwanza akiwa Irvin mwaka 1973. Tena mwaka 1971 Ukumbi ulipanga kuwaweka mashujaa wa ligi za Weusi katika sehemu yao ya pembeni, ukarudi nyuma baada ya watu kupiga kelele. Waliowatenga uwanjani walitaka kuwatenga hata katika sifa, na hilo lisisahaulike.

Dhana: Wasiofika Ligi Kuu hawakuwa na kiwango chake.

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mtazame Dandridge, mlinzi wa kituo cha tatu. Mwaka 1949, akiwa ameshavuka miaka 35, alijiunga na Minneapolis Millers, timu ya daraja la chini iliyomilikiwa na New York Giants, klabu ya Ligi Kuu. Mwaka uliofuata alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Giants hawakumpandisha hata kwa siku moja. Aliingia Cooperstown mwaka 1987, na nashukuru kwamba yeye alikuwa hai kuyaona hayo.

Mackey hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa mdakaji hodari, na ndiye aliyemfundisha kazi Roy Campanella, aliyekuja kuwa mdakaji maarufu wa Ligi Kuu, alipokuwa bado kijana. Campanella aliingizwa Ukumbini mwaka 1969. Mwalimu wake alifariki mwaka 1965 na kuingizwa mwaka 2006.

Kuhusu kiwango, fainali ya ligi za Weusi ya mwaka 1946 inatosha. Eagles, wakiwa na Day, Doby, Irvin na Mackey aliyekuwa kocha wao, walikutana na Kansas City Monarchs waliokuwa na Satchel Paige, Hilton Smith, Willard Brown na Buck O'Neil. Wote wanane hao leo wamo Cooperstown. Ilichezwa mechi saba, na Eagles wakachukua ubingwa kwa ushindi wa mechi nne kwa tatu. Desemba 2020 Ligi Kuu yenyewe ilikiri kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa za hadhi yake.

Dhana: Effa Manley aliingizwa kwa kuwa mke wa mwenye klabu.

Mumewe, Abe, alitoa fedha na kusaka vipaji. Mikataba, mishahara, ratiba na safari vilikuwa mikononi mwa Effa. Branch Rickey, mkuu wa Brooklyn Dodgers ya Ligi Kuu, alipomchukua mrushaji wao Don Newcombe, Eagles hawakulipwa hata senti. Rickey alipomtaka na Irvin, Effa alikataa katakata. Rickey akamwachia, na baadaye Giants wakalipa dola 5,000. Cleveland, klabu nyingine ya Ligi Kuu, walimpata Doby kwa dola 15,000. Kiasi kilikuwa kidogo kwa wachezaji wa namna hiyo, lakini kililazimisha klabu za Wazungu zikubali kwamba mkataba wa klabu ya Weusi ni mkataba. Mpaka leo Effa ndiye mwanamke pekee aliyeingizwa Ukumbini.

Dhana: Doby alikuta Jackie Robinson amekwisha kumsafishia njia.

Robinson, Mweusi aliyeuvunja ule mwiko wa Ligi Kuu akiwa na Dodgers, alianza Aprili 15, 1947, Doby akaanza Julai 5 mwaka huohuo. Wiki 11 hazisafishi kitu. Robinson alipewa msimu mzima katika timu ya daraja la chini huko Montreal ajizoeze kwanza, ilhali Doby alitolewa Newark moja kwa moja hadi Cleveland, katika American League, ile ligi ya pili kati ya mbili zinazounda Ligi Kuu, ambayo haikuwa imemwona Mweusi. Baadhi ya wenzake walikataa kumpa mkono. Mwaka uliofuata alipiga mpira ukavuka uzio katika mechi ya nne ya fainali, na Cleveland wakawa mabingwa. Robinson aliingizwa Ukumbini mwaka 1962, yeye akangoja hadi 1998.

Dhana: Heshima iliyochelewa ni heshima ileile.

Leon Day alirudi kutoka vitani, akafungua msimu wa 1946 kwa kurusha mechi nzima bila mpinzani yeyote kupata pigo halali. Habari ya kuchaguliwa kwake ilimkuta kitandani hospitalini, Machi 7, 1995. Alifariki siku sita baadaye.

Dhana: Sasa wote wanaostahili wamo.

Newcombe, yule aliyechukuliwa bure, hayumo. Mwaka 1956 alitwaa tuzo ya kwanza kabisa ya Cy Young kwa warushaji, na mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa ligi yake. Misimu ya 1952 na 1953 ilimpotea akiwa jeshini. Kamati za namna ya zile zilizowaingiza wenzake wanane zina uwezo wa kumwingiza na yeye, na kwa maoni yangu zingepaswa kufanya hivyo.