Vinasaba vyako huenda vinadanganya kipimo chako cha sukari

Ukoo ukishakuwa na baba mwenye kisukari, shangazi mwenye presha na kaka aliyeota kitambi mapema, swali linalofuata siku hizi ni moja: je, nipime vinasaba? Ziko kampuni za nje zinazopokea mate kwenye kichupa na kurudisha ripoti yenye rangi nyekundu na kijani. Ushauri wangu kwa mkazi wa Dar es Salaam ni kwamba fedha hizo azitumie kwingine kwanza. Vinasaba vina uzito, tena mkubwa, lakini kwa watu wa pwani yetu uzito huo unaonekana zaidi mahali ambapo ripoti hizo kwa kawaida hazigusi, yaani kwenye usomaji wa majibu ya maabara.

Kwanza tujue tunachokitafuta. Sindromu ya metaboli, mkusanyiko wa dalili za hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo, ni hali ya mtu kuwa na angalau vitatu kati ya vitu vitano: kiuno kipana, trigliseridi (aina ya mafuta ya kwenye damu) kuanzia 1.7 mmol/L, lehemu nzuri, yaani HDL, chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke. Presha kuanzia 130 ya juu au 85 ya chini. Na sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Anayemeza dawa ya presha au ya sukari anahesabiwa kuwa nacho hata kama namba zimeshuka.

Jeni zinazochangia ni nyingi, na kila moja inasukuma kidogo. Iliyovuma zaidi ni FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007: Wazungu wenye nakala mbili za toleo lake la hatari walikuwa na wastani wa kilo 3 hivi zaidi ya wasio nalo. TCF7L2, iliyotangazwa mwaka 2006 kutokana na utafiti wa Iceland, ina nguvu kuliko nyingi katika kisukari cha aina ya pili. Kila nakala ya hatari huongeza uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 40. Ripoti za mate hujumlisha vipande vya namna hii na kukupa alama moja.

Tatizo ni kwamba mizani hiyo ilitengenezwa kwa watu wengine. Kufikia mwaka 2019, asilimia 78 hivi ya walioshiriki tafiti za namna hii walikuwa na asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu asili ya Afrika. Kingine ni kwamba kipande kinachosomwa mara nyingi si chanzo cha tatizo, ni jirani yake tu, na hutegemewa kwa sababu Ulaya wawili hao hurithiwa pamoja. Afrika ndiko binadamu walikoishi muda mrefu zaidi, vinasaba vimechanganywa vizazi vingi zaidi, na majirani wengi wameshatengana. Unaweza kuwa na kipande kinachosomwa bila chanzo, au chanzo bila kipande hicho. Alama inayotabiri vizuri London inaweza kupoteza sehemu kubwa ya usahihi wake ikipelekwa Mbagala.

Hata pale jeni inapojulikana kwa hakika, haimfungi mtu. Katika jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, wenye nakala mbili za hatari za TCF7L2 waliugua kwa wingi zaidi kuliko wengine, lakini tofauti hiyo ilikaribia kutoweka kwa waliopunguza uzito na kufanya mazoezi. FTO nayo nguvu yake hupungua kwa robo hivi kwa watu wazima wanaoushughulisha mwili.

Sasa tuje kwenye lile ninalotaka likae kichwani. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu, hupima, kwa asilimia, sukari iliyonata kwenye himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni. Hesabu yake inadhani kwamba chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Chembe ikifa mapema haipati muda wa kunatisha sukari ya kutosha, na majibu yanatoka mazuri kuliko hali halisi.

Dar es Salaam kuna sababu mbili za kurithi zinazoshusha majibu ya HbA1c, zote zikiwa zimeenea kwa sababu humpa mbebaji kinga kiasi dhidi ya malaria. Moja ni vinasaba vya selimundu. Mtu aliyerithi nakala moja haumwi, na wengi hawajijui. Kwa Wamarekani weusi, wabebaji wa nakala moja walikuwa na HbA1c pungufu kwa takriban pointi 0.3 za asilimia kuliko wenzao wenye sukari ileile. Ya pili ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, hivyo mwanaume huhitaji nakala moja tu, na toleo la Kiafrika huishusha HbA1c yake kwa takriban 0.8. Ifanyie hesabu: anayestahili kusoma 7.0 anasoma 6.2. Mpaka wa kisukari ni 6.5. Anaambiwa yuko kwenye hatari tu, apunguze wali, arudi mwakani. Kwa mgonjwa kamili wa selimundu, mwenye nakala mbili, HbA1c haifai kabisa.

Ukosefu wa madini ya chuma, kwa upande mwingine, huipandisha HbA1c bila sukari kuwa juu. Kwa hiyo akina mama wenye upungufu wa damu wa aina hiyo wanaweza kutishwa bure.

Njia ya kutoka ni kuipima sukari yenyewe. Kaa bila kula kwa muda wa saa 8 hadi 14 usiku, maji ya kawaida yanaruhusiwa (huu si mfungo wa Ramadhani), damu itolewe asubuhi. Kikombe cha chai yenye sukari njiani kinaharibu kila kitu. Angalia chupa inayotumika: ya sukari ni yenye kifuniko cha kijivu, ina floraidi, kizuizi cha chembe za damu kuila sukari. Kwenye chupa isiyo na kizuizi, chembe za damu huendelea kuila sukari kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto letu huongeza kasi. Hata floraidi haizuii papo hapo, kwa hiyo sampuli isikae mezani ikisubiri bodaboda. Majibu yakiwa kati ya 5.6 na 6.9 mmol/L, omba kipimo cha kunywa glukosi: gramu 75 kwenye maji, zinywewe ndani ya dakika 5, damu itolewe tena baada ya saa 2. Kuanzia 11.1 ni kisukari.

Trigliseridi nazo zisikufariji haraka. Watu wenye asili ya Afrika wanaweza kuwa na usugu wa insulini (mwili kutoitikia vizuri homoni inayoshusha sukari) huku trigliseridi zikiwa za kawaida, jambo ambalo ni nadra zaidi kwa Wazungu. Kigezo kimoja kati ya vitano kinakuwa kimya, na mtu anakosa kuhesabiwa.

Kiuno ndicho kinachosema kweli zaidi, na utepe wa fundi cherehani unatosha ikiwa haujavutika. Upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, si juu ya khanga wala mkanda, mwisho wa kutoa pumzi. Mpaka unaotumika kwetu umeazimwa Ulaya: sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Uchambuzi wa takwimu za nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara ulikuta takriban 81 kwa wote wawili. Kwa mwanaume mwenye 88 na baba mwenye kisukari, mimi siwezi kumwambia yuko salama.

Ukitaka kipimo cha kurithi chenye faida ya leo, pima selimundu kwa elektroforesisi au HPLC, vipimo vya maabara vinavyotenganisha aina za himoglobini. Kipimo cha haraka cha kuyeyusha hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Karatasi ya majibu itunze pamoja na kadi yako ya kliniki na umwonyeshe daktari kila anapoandika HbA1c. Mwenzi wako naye apime: nyote mkiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye selimundu.