Kupiga pedeli sio eksirei, jamani

Wiki hii nimeisikia tena, na nikihesabu ni mara ya nne tangu mwezi uanze. "Dokta, huu mguu haujavunjika, si nimekuja na baiskeli?"

Safari hii ni mzee mmoja anayesambaza mkate huko Umoja kwa Blaki Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, kreti imefungwa nyuma na mpira wa tyubu. Aliteguka akishuka, siku 9 zilizopita. Kifundo kimefura hadi soksi imemwachia mfereji, na siku zote hizo 9 amekuwa barabarani. Kutoka mlangoni hadi kwa kitanda changu alikuja ameshika ukuta, lakini pedeli ati hazimuumi. Nikambonyeza ukingo wa nje wa nyayo, ule mfupa unaotokeza katikati ya kidole kidogo na kisigino, akavuta mguu karibu anipige teke la uso. Kwa eksirei, ufa huu hapa.

Sasa tuelewane. Ukitembea, kila hatua mwili wako wote unakalia mguu mmoja. Ukiwa kwa baiskeli, aliyekubeba ni kiti, mikono nayo imechukua kidogo, mguu kazi yake ni kusukuma tu, juu chini, juu chini, hakuna kupinda pembeni. Na zile kano za upande wa nje wa kifundo, zile zinazochanika ukiteguka, kazi yake ni gani? Kuzuia nyayo isipinduke kuingia ndani. Pedeli haiziulizi hilo swali hata siku moja. Ni kama kumpima soja wa usiku saa sita mchana halafu useme yuko macho. Kwa hiyo hata mimi nakubali, tena napenda sana, baiskeli ni dawa ya mguu ulioteguka, inautembeza bila kuuelemea, mtu wa kawaida asiyevunjika namweka kwa baiskeli ya jim baada ya siku chache tu, gia nyepesi, dakika kumi. Lakini hicho hicho kinachoifanya dawa ndicho kinachoifanya isikwambie kitu kuhusu mfupa. Mtu anapona akiwa kwa kiti, anashuka, anakanyaga jiwe, tunaanza upya.

Kipimo cha kujua kama unahitaji picha kipo, kilitoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hakuna pedeli ndani yake. Bonyeza ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili inayotokeza huku na huku kwa kifundo, sentimita 6 za chini hadi nchani, halafu ule wa ukingo wa nje wa nyayo niliomshika mzee, na wa upande wa ndani juu ya tao la nyayo. Mfupa ukiuma ukibonyezwa, nenda picha. Au kama hukuweza kupiga hatua 4 pale pale ulipoumia, hata za kuchechemea, na bado huwezi ukifika kwetu. Basi. Haihitaji mashine.

Sasa kitu kinachonikera kuliko hata hiyo: kila mtu anauliza kuhusu kupedali, hakuna anayeuliza kuhusu kusimama. Tunaendesha upande wa kushoto, si ndio, kwa hivyo ukisimama unashusha mguu wa kushoto. Na kushoto kwa lami ya Nairobi kuna nini? Ukingo umeliwa, kuna ngazi ya kushuka kwa vumbi, kokoto, wakati mwingine mtaro. Matatu imekukata mbele, unashika breki, mguu unatua nusu kwa lami nusu hewani, unapinduka ndani, krak. Wengi ninaowaona wameteguka mara ya pili hawakuumia wakiendesha, waliumia hivyo. Kama mguu mbovu ni wa kushoto nilikuwa naambia watu wajifunze kushusha wa kulia, hadi mama mmoja akaniuliza, "Sasa dokta, nilalie upande wa magari?" Nikakosa jibu. Na bado sina jibu zuri. Siku hizi nawaambia washuke mapema na wasukume kwa makutano mabaya, wananiitikia vizuri tu halafu najua hawafanyi.

Na wale wa wikendi, watu wa kuendesha msitu wa Karura, wenye viatu vya kunasa kwa pedeli: kutoa kile kiatu lazima usokote kisigino nje kwa nguvu. Kwa kifundo kibichi huo ndio msokoto tunaoukimbia. Weka pedeli bapa mwezi mmoja, hakuna atakayekucheka.

Kiti nacho. Ukiwa umeteguka, kiti kikiwa juu sana unanyoosha vidole kufikia pedeli, na ile kano ya mbele upande wa nje, ambayo ndiyo huumia mara nyingi, inavutika. Shusha kidogo. Lakini kama shida ni ule mshipa mnene wa nyuma juu ya kisigino, usishushe! Kiti kikiwa chini kisigino kinazama na mshipa unavutwa kila mzunguko. Huyo namwambia aache kiti kiwe juu ya kutosha, na asogeze mguu mbele, akanyage pedeli kwa sehemu iliyo karibu na katikati ya nyayo badala ya vidole, shavu la mguu linapumzika. Ndiyo maana ukinitumia meseji ya "kifundo kinauma, nifanyeje na kiti" sikujibu hadi uniambie ni wapi.

Barafu? Sisi wenyewe tumegawanyika. Daktari Mmarekani aliyeeneza ile ya pumzisha, weka barafu, funga, inua mwaka 1978, Gabe Mirkin, baadaye mwenyewe alirudi nyuma kuhusu barafu. Ikikupunguzia maumivu weka kidogo. Kukandwa na maji ya moto siku ya kwanza na kuvutwa na jirani, hapo hatujagawanyika, wacha.

Kabla ya kurudi barabarani mimi naangalia kusimama kwa huo mguu mmoja nusu dakika bila kuyumbayumba, ukipiga mswaki hivi, na kuinua kisigino mara 20 sawasawa na ule mzima. Hiyo 20 usinibane sana, niliikuta kwa walionifundisha, na kuna watu wamefika 20 kwangu wakateguka tena kabla ya Ijumaa.

Mzee nimemvalisha buti ya kutembelea. Mkate unapelekwa na kijana wake, na jana amenipigia kulalamika, sio mguu, ni kwamba kijana ameinua kiti cha Mamba na nati imekataa kurudi.