Mchezaji Akifungiwa, Takwimu Zake Huenda Wapi?

Agosti 12, 2022, nikiwa zamu ya jioni ghalani hapa Minneapolis, simu ilitetemeka mfukoni. Fernando Tatis Jr. wa San Diego Padres amefungiwa mechi 80, kipimo kimekuta klostebol, steroidi ya kujenga misuli. Nilikaa juu ya boksi. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimemchukua kwenye ligi yetu ya fantasi ya besiboli (kila mtu huunda timu ya wachezaji halisi, takwimu zao zinampa pointi) kwa kutoa wachezaji wawili wazima, wanaocheza kila siku. Yeye alikuwa akiuguza kifundo cha mkono, msimu mzima hajagusa mechi, lakini mwaka uliotangulia aliupiga mpira nje ya uwanja mara 42, yaani homurani 42. Jamaa niliyebadilishana naye alinitumia vikaragosi vitatu vya kucheka.

"Si umtoe tu uweke mwingine?" aliniuliza binamu yangu, mpenzi wa fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kule sawa, mamilioni mnaweza kuwa na Salah mmoja. Kwenye besiboli, tangu Daniel Okrent na wenzake walipouanza mchezo huu New York mwaka 1980, mchezaji huwa na mwenyewe ndani ya ligi. Ukimtaka unambembeleza aliye naye, mnapatana bei. Ndiyo maana dili ni nusu ya utamu wake.

Wengine waliniambia nidai wachezaji wangu warudishwe. Wapi! Kanuni zetu hazina kipengele hicho. Mali ikiharibikia mikononi mwako, ni yako.

Halafu kuna wanaoamini kwamba mchezaji akifungiwa, alichokwisha kufanya hufutwa, kama medali ya Olimpiki inavyonyang'anywa. Besiboli haifanyi hivyo. Melky Cabrera alifungiwa mechi 50 Agosti 2012 akiwa na wastani wa upigaji wa .346 (mapigo yaliyofaulu 346 katika kila majaribio 1,000), na namba hiyo ipo vitabuni hadi leo. Alichofanya ni kuomba mwenyewe asihesabiwe kwenye ubingwa wa wapigaji, ukaenda kwa Buster Posey. Aliyekuwa naye kwenye fantasi alibaki na pointi zake zote. Kilichokatika ni zile ambazo zingekuja.

Dhana ninayoisikia zaidi ni hii: "Enzi za McGwire steroidi zilikuwa ruksa." Ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Agosti 1998, Mark McGwire akiisaka rekodi ya homurani za msimu mmoja, mwandishi wa shirika la AP aliona chupa ya androstenedioni, kirutubisho cha kupandisha homoni za kiume, kwenye kabati lake. Ile iliuzwa dukani waziwazi, na besiboli haikuwa imeikataza. Steroidi zenyewe ni habari nyingine. Sheria ya Marekani ya 1990 iliziweka kwenye dawa zinazodhibitiwa, na Juni 1991 kamishna wa besiboli Fay Vincent alizipelekea timu waraka wa kuzipiga marufuku. Kilichokosekana ni kipimo. Vipimo vya majaribio vilikuja 2003, bila majina wala adhabu, na adhabu zikafuata 2004. Kufikia hapo McGwire alikwisha kupiga homurani 70, na Barry Bonds 73 mwaka 2001. McGwire alikiri Januari 2010.

Je, ni dawa za mapande ya watu tu? Dee Gordon alikuwa mwembamba kama fito, kazi yake kukimbia. Mwaka 2015 alipiga homurani nne tu, akawa bingwa wa wastani wa upigaji wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani. Aprili 2016 akafungiwa mechi 80. Hata warushaji wamo: Andy Pettitte alikiri kutumia homoni ya ukuaji ili apone haraka.

Na "hajawahi kukutwa, basi msafi" usiitegemee unapopima dili. Alex Rodriguez alikosa msimu wote wa 2014 kwa sababu ya nyaraka za kliniki ya Biogenesis huko Florida, iliyowapa wachezaji dawa, si kwa sababu ya kipimo kilichomnasa. Jina likianza kutajwa magazetini, muuze mapema.

Akirudi kutoka kifungoni je, amekwisha? Hapo sina kanuni. Robinson Canó alirudi akapiga vizuri mwaka 2020, kisha akanaswa tena, na baada ya kukosa 2021 yote hakuwa yule tena. Tatis alirejea uwanjani Aprili 20, 2023 na kumaliza msimu na homurani 25. Ligi yetu inaruhusu kubaki na wachezaji watano kila mwaka, nami nilikuwa nimembakiza kwa ukaidi tu.

Mwezi Juni yule jamaa wa vikaragosi aliniandikia, anamtaka. Nikamwambia alete wawili, tena wazima.